Mchesnati Aliouficha Cloyd

Siku tatu kabla Mungu hajamchukua, Cloyd Mullins alikuwa ameketi kitandani, kwa sababu akilala mapafu yalimzidi. Miaka ishirini na saba ya mgodi wa makaa ilikuwa imejaa kifuani mwake. Akamshika mkewe Vesta kifundo cha mkono.

"Tope la mwezi wa nne, mama," akasema. "Udongo ukilainika tu. Usingoje wa tano."

"Nimesikia."

"Na usimwambie mtu."

"Pumzika, Cloyd."

"Niahidi kwanza. Nikishaahidiwa nitapumzika hata mkinikataza."

Vesta akaahidi. Katika miaka arobaini na minane ya ndoa hakuwahi kumvunjia ahadi hata ya chumvi. Wakamzika wiki ya pili ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imeshikilia upande wa milima usiopata jua. Watu wakaja na vyakula, wakalia, wakaimba, wakarudi kuchukua vyombo vyao. Vesta akabaki na kiti kitupu kando ya jiko, na ahadi ya tope.

Tope lenyewe lilikuwa la mti.

Katika bonde la Laurel Fork hakuna mtu asiyelala chini ya mchesnati, mti mkubwa wa mbao na wa kokwa tamu, ingawa ni wachache waliopata kuuona ukiwa hai. Boriti za nyumba ni za chesnati. Uzio ni wa chesnati. Mabenchi ya kanisa ni ya chesnati, yaliyochongwa na mababu, na yamelainishwa na suruali na magauni ya vizazi vitano. Bibi mzaa baba wa Cloyd, Arminta Mullins, alilazwa kwenye susu ya chesnati alipozaliwa, na alipokufa akazikwa ndani ya chesnati. Yeye ndiye aliyemsimulia Cloyd, angali mtoto, kwamba zamani mwezi wa sita milima yote ilikuwa myeupe kwa maua, utadhani theluji imepotea njia. Na mwezi wa kumi chesnati, kokwa za mti huo, zilianguka hadi mtu akawa anatembea juu yake kama juu ya kokoto za mtoni. Wakala watu, wakala nguruwe, wakala dubu, na bado zikabaki.

Kisha likaja donda. Halikuja na kelele. Lilikuja na upepo, na mvua, na miguu ya ndege. Gome lilipasuka, ikatoka madoa ya rangi ya kutu, na donda likazunguka shina kama kitanzi hadi kila kilichokuwa juu yake kikakauka. Watu wakakata, wakachoma, wakaomba. Likawa donda ndugu. Mtoto aliyezaliwa mwaka lilipoonekana, alipofika umri wa kuoa, michesnati yote ya milima ile ilikuwa imesimama mikavu, ya kijivu, kama jeshi lililokufa bila kuanguka.

Mizizi tu ndiyo haikufa. Kila baada ya miaka michache mzizi ulitoa chipukizi, chipukizi likawa fimbo, fimbo ikanenepa kama mkono wa mtu, donda likaiona, ikafa. Mzizi ukaanza tena. Umekuwa ukianza tena kwa muda unaozidi umri wa mtu mzima.

Ndiyo maana, miaka kumi na mmoja kabla ya kifo chake, Cloyd alipoingia jikoni amevua kofia, Vesta alidhani kuna msiba.

"Nani?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona uko hivyo?"

Cloyd akaweka jani mezani. Lilikuwa refu, lenye meno pembeni kama msumeno. "Kuna mmoja uko hai, mama. Mkubwa. Unalipita paa la kanisa. Umenenepa kama kiuno changu."

"Kiuno chako cha sasa au cha harusi?"

"Cha harusi," akasema Cloyd, na machozi yakamtoka huku anacheka.

Alikuwa ameukuta kule alikokwenda kutafuta jinseng. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa Vesta hakulijua kuwa ni kosa, kwa maana naye amezaliwa bonde lilelile.

Wanaume wa Laurel Fork wanasema kila kitu isipokuwa kitu kimoja: mahali inapoota jinseng yao. Huo ni mzizi wa dawa unaouzwa mbali, nao unaota kivulini, kidogo kidogo, na akiuona mwizi leo kesho haupo. Basi mtu akienda kwenye jinseng yake huanza kwa kuelekea upande mwingine. Hubeba bunduki, aonekane anawinda kindi. Akirudi hufagia nyayo zake kwa tawi. Baba humwonyesha mwanawe akiwa kitandani pa kufia, na wengine hata hapo hawaonyeshi.

Cloyd na jirani yake wa ng'ambo ya mlima, Burl Kilgore, walikuwa mabingwa wa mchezo huo. Walikaa benchi moja kanisani kwa miaka thelathini, wakapeana mkono wa ushirika kila Jumapili, na kila msimu walidanganyana bila haya.

"Jana nilikupitia, Ndugu Burl, hukuwepo."

"Nilikuwepo, Ndugu Cloyd. Nimelala. Mgongo."

"Mgongo huo ndio umetia matope gambuti zako?"

"Haya ni matope ya bafuni."

Na watu wakacheka, na hakuna aliyesema zaidi. Basi Cloyd alipoupata mti wake, aliutia katika mfuko uleule wa siri. Hakumwambia mchungaji. Hakumwambia Burl. Vesta mwenyewe alipelekwa mara mbili tu, tena kwa njia ya kuzunguka, kana kwamba angemsaliti kwa kindi.

Dawa ya tope aliisoma kwenye karatasi ya ofisi ya misitu, aliyoichukua kwenye maonyesho ya wilaya wakati bwana misitu ametazama pembeni. Ilikuwa inagawiwa bure, lakini Cloyd aliichukua kama mtu anayeiba. Ilisema kuvu linaloua mchesnati haliwezi kuishi udongoni. Humo mna vijidudu visivyoonekana vinavyolishinda. Chukua udongo chini ya mti wenyewe, uloweshe, ukandike juu ya donda, ufunge kwa nailoni, uache hadi msimu mwingine.

"Kwa hiyo dawa ilikuwa miguuni pake siku zote?" Vesta aliuliza.

"Siku zote."

"Yote ile iliyokufa?"

Cloyd akazungusha kikombe hadi kahawa ikapoa. "Yote ile ilikufa imesimama juu ya dawa yake," akasema.

Hawakula vizuri jioni ile. Lilikuwa jambo zito kumeza. Vesta aliwaza mabilioni ya miti, kutoka milima yao hadi kaskazini ya mbali, kila mmoja umekanyaga uponyaji wake, na hakuna hata mmoja uliokuwa na mkono wa kuinama na kuokota. Cloyd akawa mkono huo kwa mti mmoja. Kila mwezi wa nne alipanda na ndoo, akapaka. Kadiri mapafu yalivyomharibikia, safari ya saa moja ikawa ya saa tatu, akipumzika kila baada ya hatua kumi. "Udongo umenitoa pumzi kule chini," alisema, "na udongo unaponya huku juu. Mungu ana mambo yake."

Kila mwisho wa mwezi wa sita alirudi na harufu. Maua ya mchesnati ni mikia mirefu ya rangi ya malai ya maziwa, na harufu yake si ya waridi. Ni kama unga uliochacha ukamwagiwa asali. Vesta alilitundika koti lake barazani hadi harufu ipoe. Na kila mwezi wa kumi alirudi na maganda. Ganda la chesnati ni miiba mitupu, kama kalunguyeye mdogo aliyejikunja, na ndani panatakiwa kuwa na kokwa tatu. Ya Cloyd yalikuwa na makapi, membamba kama kucha.

"Bado mchanga," alisema kila mwaka. "Utazaa."

Mwezi wa nne baada ya mazishi, Vesta, mwenye miaka sabini kasoro mmoja, alivaa gambuti za mumewe, akatia soksi mbili zisimvuke, akachukua ndoo na kikapu. Kikapu kilikuwa cha kuwadanganya watu kwamba anachuma vitunguu pori. Dada yake mdogo, Icy, aliyekuwa akiishi nyumba ya chini, akamwona.

"Unakwenda wapi na gambuti za marehemu?"

"Vitunguu."

"Vitunguu vya ndoo?"

"Icy, si una kuku wa kulisha?"

Ilimchukua saa mbili. Alipofika, hakuona mti kwanza, aliona nguo. Mafungo ya tope yalikuwa yamekazwa kwa vitambaa, naye alivifahamu. Yalikuwa mashati ya kazi ya Cloyd, yale Vesta aliyoyashona mwenyewe baada ya kustaafu kiwanda cha nguo, na ambayo miaka yote Cloyd alisema yameliwa na mashine ya kufulia. Shati la bluu lilikuwa chini. La mistari lilikuwa kiunoni. Juu kabisa, ngazi aliyoiacha Cloyd imeegemea shina ilipoishia, palikuwa na mkono wa shati jeupe la Krismasi.

Vesta akaketi chini akalia kidogo. Kisha akanyanyuka akafanya kazi, maana udongo ulikuwa umelainika.

Alipofungua tope la zamani, chini yake gome lilikuwa limeota upya, kingo nene zimekumbatia donda kama midomo. Akalipapasa kwa kidole. Hapo lilikuwa limepona. Lakini juu, futi tatu kupita ngazi, palikuwa na donda jipya ambalo Cloyd hakulifikia katika mwaka wake wa mwisho. Lilikuwa limezunguka robo tatu ya shina. Kilele kilikuwa kimekauka. Matawi machache tu juu ya donda, yaliyoinama upande wa mashariki hadi usawa wa ngazi, ndiyo yaliyokuwa na vichipuko.

Alielewa bila kuambiwa. Mti ule ungechanua mara moja zaidi, pengine.

Wiki iliyofuata, akitafuta wimbo, alifungua kitabu cha nyimbo cha Cloyd, na ile karatasi ya misitu ikaanguka. Hakuwahi kuisoma nyuma. Nyuma ilisema hivi: mchesnati mmoja peke yake hauzai, hutoa maganda matupu hadi utakapopata vumbi la maua ya mchesnati mwingine. Mwenye mti aipashe habari ofisi, ili vumbi liletwe. Cloyd alikuwa ameyapigia mstari maneno hayo kwa penseli. Pembeni aliandika maneno mawili: *Wataleta watu.*

Vesta alisoma mara nyingi. Cloyd alijua, basi. Alijua miaka yote aliposema bado mchanga. Hakumkasirikia; alimwonea huruma, jinsi mtu anavyoweza kukipenda kitu hadi akakinyima. Lakini sasa aliyekuwa na mti ni yeye, na ulikuwa na majira ya joto mamoja tu, na yeye alikuwa ameahidi. Akimwambia mtu, anamvunjia ahadi mtu asiyeweza tena kumsamehe kwa mdomo. Asipomwambia, mti utakufa tasa, na kazi yote ya mashati yale itakuwa bure. Aliomba mwezi wa tano wote. Mungu hakumjibu kwa sauti, na Vesta hakutegemea sauti.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita ndiyo siku ya kupamba makaburi Laurel Fork. Watu hupanda mlima nyuma ya kanisa, hupalilia, huweka maua, huimba. Kiongozi hutoa mstari na kusanyiko huuvuta kwa sauti ndefu hadi bonde la pili wasikie. Kisha hula hapohapo juu ya nyasi: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, keki ya tufaha zilizokaushwa. Kaburi la Cloyd lilikuwa bado kifusi, halijaota nyasi. Vesta na Icy walikuwa wanaliwekea maua wakati Burl Kilgore alipofika na shada lake, akainama, magoti yakalia kama kuni.

Vesta akasikia harufu.

Kwanza alidhani ni huzuni inamchezea. Unga uliochacha, na asali. Akatazama kaburi, akatazama mbingu. Harufu haikutoka huko. Ilitoka kwenye koti la Burl. Na kwenye kola, nyuma ya shingo, palikuwa pameng'ang'ania kijiuzi cha rangi ya malai, kama kiwavi.

"Ndugu Burl, usisimame."

"Kuna nyuki?"

"Tulia tu." Akakichomoa, akakiweka kiganjani. "Hiki nini?"

Burl akakitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Ua la mwaloni."

"Mwaloni ulimaliza kuchanua mwezi wa nne."

"Wangu umechelewa. Umezeeka kama mimi."

"Ndugu Burl, tuko makaburini."

Burl akatazama kushoto na kulia, kama mtu mwenye jinseng mfukoni. "Dada Vesta, kuna mambo ya mwanamume ambayo..."

Vesta akageukia kifusi. "Nisamehe, Cloyd," akasema polepole, na hakujali nani anasikia. Kisha akamwambia Burl, "Cloyd alikuwa nao mmoja."

"Mmoja nini?"

"Unajua nini."

Burl akaketi juu ya ukingo wa kaburi la mama yake mwenyewe. Kofia ilikuwa mikononi, akawa anaizungusha. "Hai?"

"Unakufa. Lakini leo umechanua."

"Wapi?"

Vesta akaelekeza kidole mlimani. "Juu ya chemchemi ya zamani. Upande huu wa mgongo wa mlima."

"Wangu uko upande wa pili," akasema Burl. "Chini ya jiwe kubwa. Miaka tisa naupaka matope. Unanipa makapi."

"Na wetu kumi na mmoja. Makapi. Karatasi ya misitu inasema mmoja hauzai bila vumbi la maua ya mwingine."

Mwewe angetoka mti mmoja hadi mwingine kabla hujamaliza kusali sala fupi. Lakini vumbi la maua si mwewe, na katikati palikuwa na mlima.

Icy alikuwa amesimama na maua mkononi, akihamisha macho kutoka kwa huyu hadi kwa yule. "Hebu ngoja," akasema. "Marehemu alikuwa na mti, anakuficha wewe. Wewe una mti, unamficha marehemu. Na miti yote miwili haizai, kwa sababu kila mmoja unamhitaji mwenzake?"

"Ndivyo," akasema Burl.

"Si wahenga walishasema? Mficha uchi hazai." Akacheka hadi ikabidi ashike jiwe la kaburi. Burl naye akacheka, mabega yakitikisika, na mabega yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha.

"Kila Jumapili ya mwezi wa sita," akasema, "nilimpa mkono wa ushirika. Nilikuwa na vumbi hilo kwenye vidole, Dada Vesta. Haliondoki kwa sabuni."

"Naye alikuwa nalo," akasema Vesta.

Kule chini kiongozi alikuwa ametoa mstari wa kwanza wa wimbo, na watu wakaupokea.

Jumatatu asubuhi Burl alivuka mlima akiwa na gunia la matawi yaliyochanua. Alipofika penye mti wa Cloyd, Vesta akimngoja, akavua kofia, na hakuirudisha kichwani siku nzima. Aliyaona mashati. Kisha akaona kitu ambacho Vesta alikuwa hajakizingatia: chini ya shina palikuwa na shimo kama beseni, mahali Cloyd alipochota udongo miaka kumi na mmoja, na mbele ya shimo vibonde viwili vidogo, vimebonyea sawasawa.

"Magoti yake," akasema Burl.

Akaweka kiganja katika kimoja. Vesta akatazama pembeni kumpa nafasi.

Aliyepanda ngazi ni Vesta, kwa kuwa alikuwa mwepesi na Burl alikuwa na magoti.

"Ukianguka nitamwambia nini Cloyd?" Burl akauliza kutoka chini.

"Mwambie hukuishika ngazi."

Maua ya kike ya mchesnati ni madogo sana, vifundo vya kijani chini ya ile mikia. Vesta alichukua tawi la Burl, akalipitisha juu ya kila kifundo anachokifikia, polepole, kama anayefuta uso wa mtoto mchanga. Jua lilikuwa limepenya. Alipolitikisa tawi, vumbi likatoka na kuning'inia hewani, la manjano, jepesi, likashuka bila haraka. Nyuki wakaja. Vesta akasahau ngazi, akasahau miaka yake. Alihisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba bila kubisha akamkuta Mungu kazini. Yeye si kitu pale. Yeye ni upepo tu, upepo uliokosekana miaka kumi na mmoja.

"Umefika?" Burl akaita.

"Nyamaza, Ndugu Burl."



Mchana wakachukua maua ya mti wa Cloyd kuyapeleka ng'ambo. Katikati ya mteremko Burl akasimama, akakohoa.

"Dada Vesta, hapa nitakuomba ufumbe macho."

"Nina karibu miaka sabini. Nikifumba macho kwenye mteremko huu, utanibeba."

"Basi tazama juu tu. Hatua ishirini."

Vesta akatazama juu hatua ishirini, akanusa jinseng kwa kila hatua, na hajawahi kumwambia mtu ni wapi.

Walirudia tena Alhamisi, na tena Jumatatu ya pili. Kisha hakukuwa na la kufanya. Mwezi wa nane majani ya tawi la juu yalianza kuning'inia. Wa tisa, donda likafunga duara. Vesta alipanda kila wiki, akakuta maganda yanakua, ya kijani, miiba imesimama, na hakuthubutu kufungua hata moja. Alijua maganda hukua vilevile yawe na kokwa yawe hayana. Cloyd aliyaona yakikua hivyo mara kumi na moja.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi yakaanza kupasuka. Walikwenda watatu, Icy akibeba glavu na kulalamika njia nzima kuhusu mawe. Burl akalikanyaga ganda la kwanza kwa kiatu, akalifungua. Makapi. La pili, makapi. La tatu akalifungua Icy, makapi, na akasahau kulalamika.

Vesta akapiga magoti. Hakuchagua mahali, lakini alikuwa katika vile vibonde viwili. Akachukua ganda la nne, akaliachanisha kwa vidole gumba ndani ya glavu nene. Ndani ni laini kuliko kitu chochote alichowahi kukishona, kama mahameli ya kitanda cha mfalme. Kulia palikuwa na kapi. Kushoto kapi. Katikati, iliyojaa, imeng'aa, rangi ya farasi mwekundu aliyetoka kuoga, na ncha yenye manyoya meupe, palikuwa na chesnati.

Alivua glavu ili aihisi. Ilikuwa na uzito. Kofia ya Burl ilikuwa tayari mkononi.

Zilikuwa kumi na saba mti mzima. Za mti wa Burl zilipata thelathini na moja. Wakapanga kuzilaza kwenye friji ya Vesta, ndani ya kuvumwani mbichi, ile mimea laini inayoota juu ya mawe yenye unyevu, zipate baridi hadi zitakapopandwa, maana bila majira ya baridi hazizinduki. Lakini moja, Burl akasema, moja ni haki kuionja. Bibi zao walifariki wakiisimulia. Akaikata kwa kisu cha mfukoni mafungu matatu.

Walitafuna wamesimama. Vesta aliweka fungu lake ulimini, akaliacha. Utamu ulikuja taratibu, kama karoti, kama maziwa, kama kitu ambacho ulimi wake ulikifahamu kabla yeye hajazaliwa. Cloyd hakuwahi kukionja. Alipiga magoti miaka kumi na mmoja kwa ajili ya kitu asichokijua ladha.

"Ni tamu?" akauliza Icy, ambaye alikuwa amelimeza lake kwa wasiwasi bila kutafuna.

Vesta alikuwa bado hajalimeza lake.

Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, mzee wa kanisa akauliza kama kuna mwenye neno. Vesta alikuwa amekwisha kusema na Burl mapema, mlangoni. Mbegu zitaumwa zikikua. Donda halijaondoka milimani. Zitahitaji mikono mingi na ndoo nyingi, mwezi wa nne baada ya mwezi wa nne, muda mrefu baada ya wao wawili kulala kule juu. Na mikono haiji bila kuitwa.

Burl akasimama. Uso ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Mimi nina mchesnati," akasema.

"Sauti, Ndugu Burl," Vesta akamwambia.

"Nina mchesnati hai. Nyuma ya nyumba yangu, vuka kijito, panda kushoto hadi jiwe kubwa. Uko chini yake." Akapumua kama mtu aliyeshuka mgodini akatoka. "Na Ndugu Cloyd alikuwa nao, juu ya chemchemi ya zamani. Unakufa, lakini umezaa. Njooni mwone. Njooni na ndoo."

Washirika hawakuwahi kumsikia mwanamume wa Laurel Fork akitaja njia ya siri yake, kwa mpangilio, kwa sauti, akiwa na akili timamu. Mtu fulani alivua miwani. Mtoto aliuliza kitu, akanyamazishwa.

Kisha kutoka benchi la nyuma kabisa ubao ukalia. Mzee Lonzo Vanover, mwenye miaka themanini na minane, aliyekuwa hasemi kanisani tangu mkewe afariki, alikuwa anajiinua kwa fimbo.

"Mimi ninao miwili," akasema.

Vesta akaweka kiganja juu ya benchi, kwenye ubao ule mzee uliolainishwa na watu wote waliotangulia, akaushika. Hakugeuka nyuma. Hakuhitaji, kwa sababu upande wa wanawake, mbele yake, kulikuwa na mtu mwingine, naye anasimama.